Zamu ya nyumba ndiyo jumuiya yenyewe

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mwanza au Moshi, utamwona mama mwenye Biblia kwapani na kanga begani akikata kona kuelekea kwa jirani. Ni siku ya jumuiya ndogondogo ya Kikristo, yaani kikundi cha kaya jirani za Wakatoliki wanaosali pamoja kila wiki. Katika jumuiya nyingi za mijini mama huyo sasa anakuta wenzake saba au wanane tu, huku kundi la WhatsApp la jumuiya hiyohiyo likiwa na watu 60 wanaotumiana somo la siku, picha ya mtakatifu na "Amina" mfululizo. Mapadre wanalalamika, wenyeviti wanakemea, na kwenye matangazo ya Dominika waamini wanaambiwa kwamba simu imeua jumuiya. Naona hapo ugonjwa umetajwa sivyo. Jumuiya nyingi zilidhoofika tangu zilipoacha zamu ya nyumba, yaani ule utaratibu wa kusali wiki hii kwa fulani na wiki ijayo kwa mwingine mpaka kila mlango umefikiwa. Zamu ilipokufa yakabaki matangazo na michango, na hivyo viwili vinakaa kwenye simu bila shida yoyote. Simu imechukua kilichobaki. Zamu ikirudi, simu itakuwa mtumishi mzuri. Isiporudi, hata kundi likifutwa leo, watakaokuja Jumamosi watakuja kutafuta barua ya jumuiya, ile inayodaiwa kwa ubatizo, ndoa au maziko.

Inafaa kukumbuka jumuiya hizi zilianzishwa kwa nini. Maaskofu wa Kongo walishaanza kusema habari za jumuiya hai za Kikristo mwaka 1961. Desemba 1973 maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi kupanga mwelekeo wa Kanisa la Afrika Mashariki kwa miaka ya 1980, wakaona kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ambamo watu wanajuana kwa majina. Mwaka 1976 walikutana tena Nairobi wakaifanya kazi hiyo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Tanzania wazo hilo lilikuta udongo uliokwisha kulimwa: watu walizoea mpango wa nyumba kumi kumi, na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alifika hatua ya kwenda kuishi ndani ya kijiji cha Ujamaa. Wala halikuwa jambo la Wakatoliki peke yao. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea Kenya na Tanganyika ulikuwa umewafundisha Waanglikana na Walutheri kukutana majumbani kama ndugu, kukiri makosa yao mbele ya wenzao na kurudisha cha watu. Kwa hiyo tangu mwanzo mahali pa jumuiya palikuwa nyumba ya mtu, na palichaguliwa kwa makusudi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964 uliita familia kanisa la nyumbani, na sinodi ya maaskofu wa Afrika ya 1994 ikachagua kuliita Kanisa lote Familia ya Mungu. Maneno hayo mawili yanakutana mahali pamoja tu mtaani, nayo ni sebule ambayo zamu yake imefika.

Tazama kinachotokea ndani ya nyumba hiyo. Tangu Jumatano mama anajua wageni wanakuja. Biblia iliyokuwa juu ya kabati inashushwa na kufutwa vumbi. Viti vinne vya plastiki vinaombwa kwa jirani, ambaye pengine ni Mwislamu, naye anauliza kuna nini na anaambiwa. Meza ndogo inatandikwa kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa vinawekwa juu yake. Mtoto wa darasa la nne anapewa somo Ijumaa jioni alisome mara tatu asije akakwama mbele za watu. Mume na mke walionuniana wiki nzima wanalazimika kusemezana, maana kesho watu watakuwa wamekaa pale na mmoja wao lazima atauliza baba yuko wapi. Dada wa kazi, ambaye Dominika hubaki nyumbani na mtoto mchanga, siku hiyo Kanisa limemfuata alipo, na jina lake linatajwa katika maombi. Bibi aliyelala chumba cha nyuma, ambaye kwenye kundi hayumo kwa kuwa hana simu, anapewa mkono na watu kumi na wawili mmoja mmoja. Nao wale kumi na wawili wameona: dawa zimeisha, paa linavuja, yule kijana aliyesemekana yuko chuoni yuko nyumbani tangu Machi. Hakuna aliyepeleleza. Wameketi tu saa moja. Yote hayo hufanyika kabla Injili haijasomwa, na kwa maoni yangu ni nusu ya kazi ya jumuiya.

Zamu haikufa kwa uamuzi wa mtu. Iliuawa na hesabu. Jumuiya ya kaya 12 inayokutana kila wiki huifikia kila nyumba mara nne kwa mwaka na ushei. Kaya zikifika 40, kila nyumba inapata zamu mara moja tu na kidogo, tena siku hiyo inatakiwa sebule ya kukalisha watu 50. Hapo ndipo mwenye chumba kimoja cha kupanga anapoanza kuona haya. Na chai nayo ilishapanda cheo. Ilianza kuwa chai ya rangi na mkate, nyumba moja ikaongeza chapati, nyingine ikaleta supu, mpaka kupokea jumuiya kukawa sawa na kuandaa ubarikio mdogo. Mwenye chumba kimoja anaomba arukwe. Akirukwa mara mbili haonekani tena hata kwa wengine, maana ameshakunywa chai ya watu na yake haijanywewa. Mwishowe jumuiya inahamia kwa mwenyekiti "kwa muda", au kwenye kibaraza cha kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, na ule muda hauishi. Dawa inajulikana: kaya zikikaribia 20, jumuiya igawanywe. Haigawanywi kwa sababu moja kubwa, ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini. Pale parokia inapogawa michango kwa kila jumuiya kwa usawa badala ya kuhesabu kaya, jumuiya ikigawanyika kila nusu inabeba mzigo uleule mzima. Mwenyekiti yeyote mwenye akili atakataa. Paroko anayetaka jumuiya ndogo aanze kwa kubadili mgao huo, na siku zote nashangaa jambo hili linavyokosa nafasi kwenye ajenda za halmashauri za walei.

Hapo tumefika kwenye daftari. Lifungue daftari la jumuiya uone safu zake: jina, mahudhurio, zaka, tegemeza, ujenzi, mfuko wa msiba, sare ya somo, yaani mtakatifu msimamizi wa jumuiya. Sina ugomvi na michango yenyewe. Kanisa halina mfadhili mwingine zaidi ya waamini wake, na Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 222, inasema wazi kwamba waamini wanawajibika kulitegemeza. Ugomvi wangu ni wakati na namna. Daftari linaposomwa kwa sauti mara baada ya sala, jina kwa jina, pamoja na deni la kila mtu, anayedaiwa anajifunza njia rahisi ya kukwepa: asije. Kisha inakuja barua. Mtoto wa kubatizwa, uchumba wa kutangazwa, marehemu wa kusaliwa, vyote vinahitaji barua ya jumuiya, na mahali pengine barua haiandikwi mpaka safu zote za daftari zijae. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja ambayo si ya kubezwa. Kanuni ya 868 inataka pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani, na nani anaweza kulishuhudia tumaini hilo kuliko majirani? Hoja hiyo naikubali yote. Ila ushuhuda wa malezi ni kitu kimoja na risiti ya ujenzi ni kitu kingine. Kanuni ya 848 inaagiza mhudumu ahakikishe kwamba wahitaji hawakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kanuni ya 1184 inaorodhesha wanaonyimwa maziko ya Kanisa wasipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangekwaza waamini, penye shaka aulizwe askofu. Asiyehudhuria jumuiya hayumo katika orodha hiyo, wala anayedaiwa tegemeza hayumo. Mwenyekiti anayeitishia familia iliyofiwa kwamba marehemu hatasaliwa kwa sababu ya daftari anasema jambo lisilo na msingi katika sheria ya Kanisa lake, tena analisema saa ambayo ile familia haitalisahau maisha yote.

Sasa niwape wanaotetea simu haki yao, kwa sababu wanayo. Mlinzi anayetoka lindoni saa moja asubuhi, muuguzi wa zamu ya usiku, mama anayewahi samaki soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, wote hao hawawezi kufika saa kumi na mbili na nusu hata wakiwa watakatifu. Mkenya anayefanya kazi za ndani Riyadh, ambako hakuna jengo la kanisa hata moja, anategemea ujumbe wa sauti wa jumuiya ya kwao kusikia Injili kwa Kiswahili. Kenya, nyumba za ibada zilipofungwa Machi 2020, simu ndiyo iliyowashika watu wasitawanyike kabisa. Na msiba ukitokea usiku wa manane, hakuna mjumbe wa kutumwa nyumba kwa nyumba anayeweza kushindana na ujumbe mmoja. Kwa habari, dharura, usomaji wa siku na walio mbali, simu ifanye kazi. Mahali inaposhindwa ni kwa mtu anayenyamaza. Kwenye kundi anaonekana anayeandika. Aliyekosa unga haandiki, aliyepigwa na mumewe haandiki, na mgonjwa wa sonona hutuma "Amina" kama wengine. Tena taarifa zilizokuwa zinakaa kati ya watu kumi sebuleni sasa zinasambaa kwa 60 na picha juu: mgonjwa kitandani, shuka limefunuka, jina la hospitali na ugonjwa wake. Kila jumuiya yenye kundi iwe na kanuni mbili zisizojadiliwa. Ugonjwa wa mtu usitajwe bila ruhusa yake mwenyewe, na madeni ya mtu yasiandikwe humo kamwe.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakasema kundi la simu ni jumuiya kamili, kwa kuwa Bwana aliahidi kuwapo walipo wawili au watatu kwa jina lake. Aya hiyo ni Mathayo 18:20, na inafaa isomwe kuanzia aya ya 15. Sehemu hiyo inahusu ndugu aliyekukosea, na agizo la kwanza ni kwenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Akikataa, urudi na mmoja au wawili. Ahadi ya kuwapo imetolewa kwa watu waliokwenda kupatana. Mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohana, katika aya ya 12, ana mengi ya kuandika lakini anasita kutumia karatasi na wino, anatumaini kuja mwenyewe waseme ana kwa ana, ili furaha itimie. Alikuwa na barua mkononi, akaitumia, na bado akajua barua haitoshi.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa mno mimbarini, ni kwamba wanaume na vijana hawahudhurii kwa sababu imani imepoa. Jumuiya zilikuwa zinajaa kina mama miaka mingi kabla ya simu ya kutelezesha kidole kufika sokoni, kwa hiyo simu haiwezi kuwa chanzo. Tena wanaume haohao wanaoitwa wapoaji utawakuta wote msibani: wamechimba kaburi, wamefunga turubai, wamekesha na moto, wamebeba jeneza. Watu wasiojali majirani zao hawafanyi hivyo. Tofauti ni kwamba msibani mwanamume anapewa kazi yenye mwanzo na mwisho, wakati kwenye jumuiya anakaa saa moja na nusu akisikiliza sala ambazo nafasi yake ni kuitikia, kisha anasomewa deni mbele ya mkewe. Kijana naye anaitwa siku ya kusafisha kanisa na siku ya kwaya. Kusoma na kushirikisha wanashikilia wazee. Mkiita hali hiyo upungufu wa imani, hamtarekebisha chochote, maana hakuna mtu anayerudi mahali anapotukanwa.

Basi saa ile moja iendeshwe vipi? Njia ya hatua saba ya kusoma Injili pamoja, iliyotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, inafahamika kote Afrika Mashariki, na tatizo ni kwamba watu huruka hatua zinazouma. Dakika tatu za kumkaribisha Bwana kwa sala fupi na wimbo mmoja, siyo minne. Dakika tano za kusoma Injili ya Dominika inayokuja, mara mbili, wasomaji wawili, mmoja wao mtoto. Dakika saba kila mtu kurudia kwa sauti neno au kifungu kilichomgusa, bila kueleza. Kisha kimya cha dakika tatu, kwa saa. Hapa ndipo viongozi wengi wanaposhindwa; sekunde ya ishirini mtu anaanzisha wimbo kwa kuogopa kimya, na kinachofuata kinakuwa maneno ya juujuu. Sinodi iliyofungwa Roma Oktoba 2024 ilikalisha maaskofu na walei kwenye meza za duara wakisikilizana kwa zamu na kunyamaza katikati, kwa hiyo asiwepo wa kusema kimya ni mambo ya watawa. Hatua ya tano, kushirikishana, ichukue dakika kumi na tano, na sheria ni kusema "mimi". Anayesema "kuna watu humu" ameanza kuhubiri, na mwongozaji amrudishe kwa upole. Mwongozaji mwenyewe ndiye mkosaji mkubwa: akishafafanua somo kwa dakika ishirini kama katekista, wengine hawana la kuongeza.

Hatua ya sita ndiyo roho ya jambo lote, na ndiyo iliyomezwa na matangazo. Swali lake ni moja: Neno hili linatutuma tufanye nini wiki hii? Jibu halali lina jina la anayekwenda, jina la anayeendewa, siku, na kitu mkononi. "Tumwombee mama mgonjwa" siyo jibu la hatua ya sita. Hilo ni la hatua ya saba. "Baba wawili wataenda kwake Jumanne baada ya kazi, na bati moja na misumari, wazibe pale juu ya kitanda" ndilo jibu. Mpe mwanamume bati na misumari mtaona kama imani yake imepoa. Wiki inayofuata, kabla ya kusoma, mwongozaji aulize: bati lilipigwa? Bila swali hilo hatua ya sita inakuwa maneno ndani ya wiki tatu. Sala za mwisho dakika kumi, chai ya rangi na kitu kimoja tu cha kutafuna kilichokubaliwa na wote kwa mwaka mzima, na daftari la fedha lisifunguliwe hapo. Mtunza hazina apokee michango Jumamosi moja kwa mwezi, pembeni, au kwa simu, na salio la mtu abaki nalo yeye na mhusika. Hapa simu inafaa kuliko chochote.

Zamu ikirudi, hata sala ya familia itapata pa kushika. Familia nyingi hujaribu kusali pamoja kila usiku na kuacha baada ya wiki mbili, kwa sababu zinazofanana. Wanaanza na rozari nzima saa tatu na nusu usiku, watoto wanasinzia na kuamshwa kwa kofi, sala inakuwa adhabu. Au baba anaigeuza kuwa mahakama: "Bwana, msaidie mtoto huyu aache uvivu," naye mtoto amepiga magoti palepale akijua kinachosemwa siyo na Mungu. Dakika kumi zinatosha, tena mezani baada ya chakula kabla vyombo havijaondolewa, maana wakishainuka hamtawakusanya tena. Somo liwe lilelile la jumuiya ya Jumamosi, mtoto asome, kila mtu aseme neno moja lililomgusa. Kisha mmoja aombe radhi kwa jambo la siku hiyo, na wazazi waanze wao. Mama akimwambia mwanawe, "Asubuhi nilikufokea bila kosa lako, unisamehe," mtoto huyo amefundishwa sakramenti ya kitubio kabla hajafika darasa la Komunyo ya Kwanza. Baba aliye safarini apige simu dakika hizo, awekwe mezani kwa spika.

Parokia inayotaka kuanza haihitaji semina. Desemba viongozi wapite wahesabu kaya, jumuiya zilizozidi 20 zigawanywe, mgao wa michango uandikwe upya kwa kaya, na karatasi ya zamu za Januari hadi Aprili ibandikwe mlango wa kigango ikiwa na majina yote, ya wapangaji na ya wenye nyumba. Walio lindoni na hospitalini wapangiwe jumuiya ya Dominika jioni saa kumi na moja. Nyumba isiyo na sebule itumie uwanja wake, mkeka utandikwe chini ya mwembe au kwenye korido ya wapangaji. Na zamu ya kwanza isiende kwa mwenyekiti. Iende kwa yule ambaye hajawahi kupokea jumuiya tangu ahamie mtaani, na Ijumaa jioni watu wawili wamtangulie na viti, sukari na kilo moja ya unga wa maandazi.